Wa Mama Hutembea, wa Mtoto Hukimbia

Neno "mapigo ya moyo" mimi nililipata ukubwani, nikiwa tayari na ndevu na mke. Kabla ya hapo moyo wangu ulikuwa unadunda tu bila jina, kama wa kila mtu. Nikipanda mlima ulidunda. Nikiitwa na nyapara ulidunda. Nikimwona binti mmoja wa Lyamkena anatoka kisimani na mtungi kichwani, ndiyo kabisa, ulidunda hadi vifungo vya shati vikatishia kuruka na kumwumiza mtu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kudunda huko ni kitu cha kukaa chini na kukisikiliza, sembuse kukisomea.

Nilikisomea kwenye ngumbaro. Siku hizo, enzi za Mwingereza, nilikuwa mbandua magome katika shamba la miwati karibu na Njombe. Jioni baada ya kazi tulikusanyika kwenye banda la kukaushia magome, watu wazima wenye viganja vigumu kama kwato, tukafundishwa a-e-i-o-u. Nilisoma kwa sauti kubwa kiasi kwamba ng'ombe wa jirani walijua irabu kabla yangu. Na baridi ya Njombe usiniulize. Mwezi wa sita sakitu, ule umande ulioganda, ikishaanguka, ukimtupia mwenzako "kamwene" alfajiri, salamu inaganda njiani, anaipokea saa nne jua likishapanda. Kwa hiyo darasani tulikaa tumebanana kama kuni, na hata asiyependa shule alihudhuria kwa ajili ya joto la wenzake.

Mara moja kwa wiki alikuja dresa wa zahanati ya shamba kutufundisha mambo ya afya. Alikuwa kijana mpole, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa karibu kuonyesha upande wa pili. Jioni moja alikuja na kipembe cha mbao, kifupi, kilichopanuka mwisho mmoja kama tarumbeta, na mwisho wa pili kina kisahani cha kuwekea sikio. Kabla hajatuambia cha nini, akatuuliza moyo hufanya nini.

Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ambalo kila mtu analo kifuani linaweza kuwagombanisha watu. Mmoja alisema unadunda. Mwingine, mtu wa pwani aliyetufikia sijui kwa bahati gani, akasema kwao unapwita. Seremala wa shamba akasema unagonga, kama mgeni mstaarabu mlangoni. Mimi nikasema unatwanga, kwa kuwa nilikuwa na njaa. Mzee mmoja wa Kibena, ambaye alikuwa ndiye mkubwa wetu darasani kwa umri, akasema kwamba inumbula, ndio moyo kwa Kibena, haina kazi ya kupiga kelele. Kazi yake ni kukaa mahali pake. Ukiisikia, ujue kuna jambo.

Dresa akachukua chaki akaandika ubaoni: mapigo ya moyo. Tukasoma kwa pamoja, mabati yakatetema. Mzee hakusoma. Akasema neno lile si zuri. Ukisikia fulani amepata pigo, watu wanaanza kutafuta sanda, sasa vipi mtu awe na mapigo mchana kutwa na usiku kucha halafu mseme ni mzima? Dresa akamwuliza, na pigo la ngoma je, mzee? Mzee akafikiri kwa muda ambao ungetosha kuchemsha maharage. Mwishowe akasema la ngoma analikubali.

Basi tukapewa kile kipembe, tukasikilizana wawili wawili. Mimi niliangukiwa na yule mzee. Nikaweka mbao kwenye mbavu zake, nikainamisha sikio. Mwanzoni nilisikia koti lake tu. Kisha, taratibu, kutoka mbali, kama mtu anayetwanga mahindi nyumba ya tatu, nikausikia. Mzee huyu tulikuwa tunamtania kila siku, tunamficha kofia, tunamwiga anavyokohoa. Na ndani yake muda wote huo kulikuwa na mtu anafanya kazi bila kupumzika wala kudai mshahara. Tangu jioni ile sikumficha tena kofia.

Dresa akatuambia kwamba kipembe kile hasa si cha wazee. Ni cha wajawazito. Mkunga hukiweka tumboni akamsikiliza mtoto kabla hajazaliwa. Akasema kuna kanuni moja ya kukumbuka, na aliisema kwa Kiswahili chepesi kwa sababu alijua vichwa vyetu vilivyo: wa mama hutembea, wa mtoto hukimbia. Ukisikia unaotembea usishangilie, bado hujamsikia mtoto.

Wenzangu wakaenda zao wakicheka. Mimi nilibaki na lile neno kama mtu aliyekabidhiwa yai. Mke wangu alikuwa mjamzito.

Inabidi niseme kwamba hiyo haikuwa mimba yetu ya kwanza. Ya kwanza ilituponyoka mwaka mmoja kabla, ikiwa imeshakuwa kubwa kiasi cha kupewa jina kimoyomoyo. Mke wangu aliniambia baadaye, baada ya yote, kwamba mtoto alikuwa ametulia kwa siku kadhaa naye hakusema kitu, kwa sababu alidhani anapumzika. "Nilijua amechoka," alisema, "nikamwacha alale." Tangu hapo neno kulala lilikuwa gumu kutamkwa nyumbani kwetu. Tulikuwa tunasema tunakwenda kujinyoosha.

Kwa desturi mke hakuzalia kwa mumewe, hasa mzaliwa wa kwanza. Alirudi kwa mama yake miezi ya mwisho, akalishwa, akakandwa, akasimamiwa. Kwa hiyo mvua zilipokolea wangu alikwenda kwao Lyamkena, pale Makambako, nami nikabaki Njombe na sufuria moja na upweke wa kujaza magunia.

Hapo sasa nimweleze mama mkwe wangu. Alikuwa mjane, mwanakwaya wa kanisa la Kilutheri, mwenye sauti ambayo ikipanda ubeti wa tatu kunguru waliondoka Makambako kwa heshima zao. Pombe hakuionja wala hakutaka kuinusa. Nami nilimwogopa kwa namna mbili: ya kwanza kwa tabia yake, ya pili kwa desturi. Kwetu siku zile mwanamume hakukaribiana na mama wa mkewe. Humtazami usoni, huingii alimo, humwiti wala hakuiti. Ukimwona njiani, unaingia porini hata kama pana miiba. Mkilazimika kuongea, mnaongea kwa kupitia mtu wa tatu, na kama mtu wa tatu hayupo, mnatumia chochote.

Sisi tulitumia kuku. Alikuwapo kuku wa madoa aliyeatamia kwenye kikapu nje ya mlango, na mambo yote mazito ya familia yetu yalipita kwake.

Sasa, huku Njombe nikawa sipati usingizi kwa kutaka kusikia ule moyo unaokimbia. Kipembe cha dresa hakikuazimika. Nikaamua kutengeneza changu. Mbao ningeweza, lakini kutoboa katikati ndiko kazi, na nani asiyejua kwamba Mungu alishatutobolea mianzi? Nikachukua kipande cha mwanzi kwa jamaa mmoja mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, kipande kilichokuwa kimekingia ulanzi misimu mingi, kimekauka vizuri, chepesi, hakina ufa. Nikakitoboa vifundo, nikakisugua, nikakichemsha na majivu. Kikatoka kizuri kupita cha dresa. Harufu tu ndiyo ilikataa. Ulanzi ukishaingia kwenye mwanzi ni kama mkwe aliyeingia kwenye ukoo, humtoi tena.

Siku niliyopata ruhusa nikapanda lori la shamba lililokuwa linakwenda Makambako kuchukua vifaa. Nilishuka njia panda asubuhi, nikaingia kwenye ule upepo wao. Upepo wa Makambako huvua mtu kofia, ukaigeuza geuza, na usipoipenda unamrudishia. Nikatembea hadi Lyamkena, mfuko wa viazi begani na mwanzi kwapani.

Nilisimama mbali na mlango, nikakohoa kikohozi cha mkwe. Sauti ikatoka ndani.

"Kuku, mwulize huyo aliyekuja kama mvua za Njombe zimewaachia viazi."

"Kuku," nikajibu nikitazama miti, "mwambie mama viazi vipo. Vingine nimeviacha kwa sababu havikuingia kwenye lori."

"Mwambie apunguze chumvi."

Kisha upepo ukageuka ukaelekea nyumbani.

"Kuku, mwulize, ametoka Njombe au ametoka kilabuni?"

Nikamweleza kuku, kwa urefu na kwa heshima zote, kwamba ile ni ala ya afya, kwamba nimefundishwa darasani, kwamba kilichokuwamo zamani hakimo. Kuku alinitazama kwa jicho moja. Ndani nikajibiwa kwamba kitu kilichonusa ulanzi hakitamgusa mwanawe, awe amefundishwa na dresa au na gavana mwenyewe.

Mke wangu akatoka. Alikuwa ameongezeka, uso umejaa, anatembea akiwa ameshika kiuno, nami nikaona hakuna kitu kizuri kama kile katika himaya yote ya Mwingereza. Lakini hakucheka. Yeye ambaye kwa utani wangu alikuwa akicheka hata nisipomaliza. Akanishika kiwiko akanipeleka nyuma ya ghala la mahindi, mahali pasipoonekana na mlango. Akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Hachezi."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu juzi. Hakumwambia mama yake. Alikuwa amejaribu kunywa maji baridi, kulalia ubavu, kuimba. Hakuna.

Nilipiga magoti pale pale kwenye tope, mchana kweupe, uwanjani kwa mama mkwe wangu, nikaweka mwanzi tumboni kwa mke wangu na sikio langu juu yake. Mwanamume akionekana hivyo siku zile angeimbwa msimu mzima. Upepo ulikuwa unavuma, mabua ya ghala yanakwaruzana. Nikasubiri. Nikasogeza mwanzi. Nikasubiri tena. Na hapo nikasikia, waziwazi, karibu kabisa: du, du, du.

"Yumo!" nikasema. Nilikuwa tayari nimeanza kulia na kucheka. "Namsikia. Anapiga. Du, du, du, sikiliza ninavyokuambia, du, du."

Nikawa nauimba ule moyo kwa mdomo, unavyokuja ndivyo ninavyoutoa. Nilipoinua macho nikaona mke wangu ameweka vidole viwili shingoni mwake, chini ya taya. Alikuwa ananisikiliza na kujisikiliza. Akaniacha niimbe kidogo zaidi, nadhani kwa kunihurumia. Kisha akasema:

"Huo ni wangu."

Nikaangalia vidole vyake. Nikaimba kwa sauti ya chini, nikaona kweli, kila du langu lilikuwa linainua vidole vyake. Ulikuwa unatembea. Nilikuwa nimefundishwa nisishangilie, nami nikashangilia.

Nimewahi kuangukiwa na gogo la mwati mguuni, nimewahi kuugua kichomi hadi wakapima urefu wangu kwa ajili ya jeneza, lakini sijawahi kupata kimya kama cha pale nyuma ya ghala. Nikasimama. Nikatembea hadi mlangoni kwa mama mkwe, nikampita kuku, nikasimama kizingitini nikimtazama ndani.

"Mama, mtoto hachezi. Tangu juzi."

Alikuwa anapeta ulezi. Akaweka ungo chini. Akainua uso akanitazama, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonana. Alikuwa na macho ya mke wangu hasa. Hakuna aliyewahi kuniambia, na nani angeniambia? Akatoka akanipita mimi mkwe wake kwa kiasi cha shibiri moja bila kujifunika, akaenda kwa mwanawe nyuma ya ghala. Nikafuata, nikamsikia akimwuliza kwa nini hakusema.

"Niliogopa nikisema itakuwa kweli, mama."

Nilitegemea ukali. Ukali haukuja. Nilimwona amemkumbatia binti yake kichwa, amekifunika chote kwa shuka, kama mtu anayekinga moto wa njiti dhidi ya upepo. Kisha akaingia ndani, akajifunga shuka ya pili, akafunga mlango kwa kamba. Akasema tunakwenda hospitali ya misheni. Alisema "tunakwenda", na alituambia wote.

Hospitali ilikuwa mbali, upande wa barabara ya Mbeya. Tulitembea hadi njia panda polepole, mke wangu katikati. Magari siku zile yalikuwa machache kuliko nywele za goti. Lakini Mungu alikuwa Makambako siku hiyo, kwani hatukuwa tumekaa sana likaja lori la magunia ya viazi. Dereva alimtazama mke wangu, hakuuliza nauli. Alisema mbele kuna nafasi moja tu, ya huyo mjamzito, kwa kuwa karani wa mwenye lori anaikalia nyingine. Wengine nyuma, chini ya turubai, maana mvua ile inakuja.

Wengine ndio sisi. Mama mkwe na mkwe, chini ya turubai moja.

Nilitaka kumwambia dereva kwamba mimi nitakimbia nyuma ya lori. Naapa, nilifikiria hilo. Lakini mama mkwe alikuwa ameshakanyaga tairi anapanda. Akaketi upande wa kulia akielekea kulia, nami nikaketi upande wa kushoto nikielekea kushoto, migongo imetazamana, gunia moja la viazi limesimama katikati kama mshenga. Lori likaondoka. Mvua ikashuka juu ya turubai kwa kishindo cha wapiga ngoma elfu moja, nikipunguza chumvi, mia tisa.

Magunia yalisuguana kwenye kila kona. Kisha nikasikia:

"Gunia, mwulize..."

Akasita. Lori likatupwa kwenye shimo, likatoka.

"Basi. Gunia halijui kitu," alisema. "Mkwe."

Sijawahi kuitika kwa adabu kama ile, hata kanisani siku ya ndoa. Nikasema, naam, mama. Akaniuliza ule mwanzi ulisema nini. Nikamweleza yote, bila chumvi hata chembe: darasa, dresa, wa mama hutembea na wa mtoto hukimbia, na jinsi nilivyosikia wa binti yake nikadhani ni wa mjukuu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema naye hajawahi kuusikia moyo wa mtu yeyote. Amezaa, amezika, amewashika wanawake wengi wakizaa, ameweka mkono kwenye matumbo yote ya Lyamkena, lakini kusikia kwa sikio, hajawahi. Akataka kujua ukoje.

Nikampitishia mwanzi juu ya gunia bila kugeuka. Nikasikia akiunusa. Hakusema neno juu ya ulanzi.

"Geuka," alisema. "Weka kwako."

Nikageuka. Nikaweka mwisho mmoja kifuani kwangu, kwenye shati lililolowa, nikafumba macho ili angalau macho yangu yasiwepo. Nikasikia uzito mdogo mwisho wa pili, sikio la mama mkwe wangu linaegemea. Urefu wa kile kipande cha mwanzi ndio adabu yote iliyobaki kati yetu. Lori lilikuwa linayumba, naye akawa anaufuata mwanzi, mwanzi unanifuata mimi. Akakaa hapo muda mrefu.

"Unakimbia," alisema.

"Mama, huo ni wa mtu mzima. Unatakiwa kutembea."

"Nakuambia unakimbia." Akanirudishia mwanzi juu ya gunia. "Kumbe unaogopa kuliko mimi. Siku zote nilidhani nyie wanaume mnangoja tu kuitwa mje kula."

Baada ya muda akaniambia, akiwa ameshageukia upande wake tena, kwamba kabla ya binti huyu alizaa wengine ambao hawakulia. Alisema hivyo tu. Mvua ikaendelea. Kisha nikaona ncha ya shuka yake ya pili inapita juu ya gunia, inaangukia magotini kwangu, pole pole, kama kitu kilichojiangukia chenyewe. Nikajifunika. Tulifika hivyo.

Pale hospitali wanaume hawakuruhusiwa kupita barazani. Mkunga, mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, alimshika mke wangu mkono akaingia naye, na mama mkwe akafuata. Mlango ukafungwa. Kulikuwa na benchi refu la ubao mmoja, lililochongwa na mtu asiyejua kubania mti. Nikaketi mwisho wake mmoja.

Nilisema nitasali, nikakuta maneno yote yamenitoka isipokuwa yale ya darasani. Nikawa namwambia Mungu: dunda, pwita, gonga, twanga, lolote unalotaka, hata hilo la pwani. Mvua ilikuwa imepungua, maji yanadondoka kutoka kwenye bati hadi kwenye pipa. Mtu alikuwa anapasua kuni nyuma ya jengo. Mahali fulani mlango haukufungwa vizuri ukawa unajigongagonga. Kila kitu pale duniani kilikuwa na mapigo siku hiyo, na vyote vilikuwa vinatembea. Nilijaribu kusikiliza kupitia ukuta. Nilisikia sauti ya mkunga ikimwambia mtu ageuke. Kisha kimya. Kisha ageuke tena upande wa pili. Kisha kimya kilichokuwa kirefu kuliko barabara ya kwenda Mbeya, na hapo sitii chumvi.

Mlango ukafunguka akatoka mama mkwe peke yake. Alikuwa amejifunika shuka hadi puani, kichwa ameinamisha, kama inavyompasa mama mbele ya mkwe. Sikuweza kuona uso. Nikatazama mikono yake, mikono haikusema kitu. Nilitaka kuuliza nikakuta ulimi umekuwa gome. Akaja akaketi mwisho wa pili wa benchi, mbali nami kadiri ubao ulivyoruhusu, akatazama mbele mvuani.

Akaweka vidole viwili juu ya ubao akaanza kugonga.

Nilidhani anatetemeka. Nikajiambia, mama huyu analia, ndiyo mwisho. Lakini mtu anayetetemeka hatetemeki sawasawa hivyo. Vidole vilikuwa vinakwenda vyepesi, vya haraka, bila kukosea, kama mvua ya kwanza juu ya jani la mgomba, kama mbuzi mdogo anayeshuka mlimani. Nikavitazama. Nikalinganisha na kudunda kwangu mwenyewe masikioni, ambako nako kulikuwa kunakimbia, na vile vidole vilikuwa vinaniacha nyuma.

Baadaye mke wangu alinieleza. Mjamzito hawezi kuinama akaweka sikio tumboni kwake mwenyewe. Kwa hiyo mkunga alipompata mtoto, kwa chini kabisa ubavuni, kageuka kauelekeza mgongo mahali asipozoea, alikaza sikio lake kwenye kipembe na kwa mkono wa pili akaanza kumgongea mke wangu kiganjani kila pigo alilolisikia. Mke wangu akalipokea, akamgongea mama yake mkononi. Mama mkwe akakaa nalo kidogo, akahakikisha amelishika lote. Kisha akalibeba akanitolea nje. Hakuwa na namna ya kuliweka mkononi mwangu, wala hapakuwa na kuku. Akatumia benchi.

Nami nikawa nasikia kila pigo, maana ubao ulikuwa mmoja na umekauka vizuri. Watu hupokea habari njema kwa masikio. Mimi habari njema kuliko zote maishani niliipokea kwa makalio, nikaelewa kila herufi. Nilitaka kumshukuru. Nilitaka kumwita mama mara mia. Lakini niliogopa nikitoa sauti atapoteza hesabu, kwa hiyo nikakaa kimya nikilia tu, nikitazama mbele mvuani kama yeye.

Vidole vyake vilipochoka akabadili mkono, akaendelea.